Duara Jekundu Juu ya Mchanga

Nassau
3 Juni 2013

Mjomba wangu Hezron,

Najua umeanza kusoma mwisho wa barua kuona kama nimeomba kitu. Nimeomba.

Wale samaki-simba tuliowapasua na kuwashona matumbo mwezi wa nne bado wanalia. Vile vidude vya mlio tulivyowatia ndani vinafanya kazi, na vinasa-sauti tulivyovifunga miambani vimekuwa vikiandika nani kapita na kapita saa ngapi. Sasa nataka kuvisoma. Naomba wewe na Mzee Granville mnitolee vyote, mvipakie kwenye lile sanduku la bluu, mnitumie kwa boti ya posta ya Alhamisi. Nikishasoma nitawarudishia mvifunge tena.

Mkuu wangu anataka kujua samaki hawa wanashinda wapi na wanatoka saa ngapi, ili wavuvi wajue pa kuwachomea mikuki kabla hawajamaliza watoto wa samaki wengine wote. Unakumbuka siku ya mkutano Mama Prescola alivyosimama ukumbini akasema watu wa serikali huahidi wakiwa na njaa na husahau wakishakula? Nilikula wali wake wa mbaazi siku ile, tena sahani mbili. Nataka nimwoneshe kwamba mtoto wa Gaulin Creek hasahau.

Masikio yanaendeleaje? Unakula vizuri?

Mpwa wako,
Ismae

*

Gaulin Creek
12 Juni

Ismae,

Ndiyo, nilianza mwisho.

Masikio yako palepale pembeni ya kichwa, hayana kazi. Jumapili mchungaji alihubiri mpaka watoto wakalala, na mimi nikaona ni mahubiri matamu kuliko yote niliyowahi kuhudhuria.

Sanduku hilo. Granville alikaa botini na mashine ya hewa, mimi nikashuka na mpira wa hewa mdomoni kama kawaida. Akivuta mpira mara mbili, maana yake panda juu. Nami navuta mara moja kumwambia nimesikia. Tangu maji yaliponiharibia masikio, hayo ndiyo mazungumzo yetu yote, na hatujawahi kukosana. Wenye masikio mazima wanaachana kila siku.

Lakini nina malalamiko. Umetundika masikio bahari nzima na mjomba wako hujamletea hata moja. Halafu unasema samaki wanalia mlio ambao binadamu hausikii. Basi karibuni nyote katika hali yangu.

Yule mkubwa unayemwita namba saba, mimi namwita Mchungaji. Anatembea amejitandaza joho lake, anangoja kila mtu ampishe. Mwiba alionichoma siku ile ulinivimbisha mkono hadi kwenye kiwiko, na sijamsamehe.

Ukitaka kumwonesha Prescola kitu, tafuta mjumbe mwingine. Dukani kwake sikanyagi. Alisema niliharibu wimbo kwenye mazishi ya dada yake. Kiziwi anaimba anavyoweza.

Mjomba wako,
Hezron

*

Nassau
24 Juni

Mjomba,

Nimesoma vinasa-sauti vyote na leo nimetembea ofisini kama niliyezaa. Samaki wako wana nidhamu kuliko sisi. Mchana kutwa kila mmoja amejibanza chini ya mwamba wake, hatikisiki. Jua likianza kuzama wanatoka kuwinda, na kabla halijachomoza kila mmoja amerudi nyumbani kwake, pale pale pa jana. Ukijua nyumba, unajua pa kumkuta.

Isipokuwa Mchungaji. Yeye asubuhi anakatiza kwenye majani ya bahari, anaelekea kusini mwa mlango wa kijito, halafu anashinda mahali ambapo ramani yangu inaonesha mchanga mtupu. Samaki huyu hakai peupe, Mjomba. Lazima kuna kitu pale: mwamba ambao ramani haina, au boti iliyozama. Wewe unaijua sakafu ile kuliko sebule yako. Kuna nini?

Kama ni kitu ambacho hakifai kusemwa, niambie tu kwamba kipo. Nitajua la kufanya.

Ismae

*

Gaulin Creek
2 Julai

Ismae,

Hapo hakuna kitu. Ni mchanga. Nimepita hapo tangu kijana. Masikio yako yameingia maji kama yangu.

Nimekutumia mapera na stafeli moja. Stafeli uile upesi, tayari ilikuwa laini ilipoondoka hapa.

Mjomba wako

*

Nassau
15 Julai

Mjomba mpenzi,

Stafeli ilifika imekuwa uji na tuliinywa hivyo hivyo.

Ramani yangu iko kwenye boti hii hii, nimeomba itundikwe dukani kwa Mama Prescola, ukutani, juu ya friji ya soda. Kila samaki ana rangi yake na njia yake ya kila siku. Najua hukanyagi pale. Mtume mtu akaitazame akueleze, au meza kiburi ununue hata chumvi.

Habari ya mchanga nimeimaliza. Umesema hakuna kitu, basi hakuna kitu.

Msimu wa kamba-koche unafunguliwa karibuni. Nakuombea vibanda vyako vya chini ya maji vijae. Msalimie Mzee Granville.

Ismae

*

Gaulin Creek
9 Agosti

Ismae,

Vibanda vyangu vya kusini vimeibwa.

Vyote. Nilishuka siku ya kufungua msimu nikakuta mabati yamepinduliwa, magogo yametupwa huku na huku, na hakuna hata kamba-koche mmoja. Wametangulia msimu, wezi hao. Mabati mengine wameyachukua kabisa, nadhani sasa yako mahali pengine chini ya jina la mtu mwingine. Yalikuwa mabati ya paa la nyumba ya mama yako, lililong'olewa na kimbunga. Nililaza kila bati juu ya magogo kwa mikono yangu nikiwa bado nasikia ndege, na kwa miaka yote hiyo yamenilisha mimi na wewe, yakakupeleka wewe shule.

Unajua desturi yetu. Mwenye kibanda hamwambii mtu kiko wapi. Hata wewe niliyekulea sikukwambia. Mtu pekee aliyewahi kuwa juu ya maji yale pamoja nami ni Granville, na yeye tukikaribia hugeuzia nchi kavu mgongo, anavuta kofia machoni, ili asione mnara wa kanisa umekaa juu ya nini, maana kwa alama hizo za nchi kavu ndiyo mtu hujua kibanda kilipo. Hajawahi kugeuka. Nilidhani hajawahi kugeuka.

Nilimkuta gatini nikamwambia mbele ya watu. Nilimwambia, "Umeniuza." Nilimwambia mengine pia. Mimi siijui sauti yangu siku hizi ina ukubwa gani, lakini niliona watu walio mbali kabisa wakigeuka. Yeye alivua kofia akaishika tu. Mtu asiye na hatia angejibu.

Hezron

*

Gaulin Creek
30 Agosti 2013

Kwa Binti Ismae Deveaux,

Ni mimi Granville Cartwright. Sina mazoea ya barua, utanivumilia.

Mjomba wako atakuwa amekuandikia. Sina la kukana wala kukubali. Ila nataka ujue jambo, na ukishalijua ulifukie.

Nilikwenda kwa Prescola kununua mafuta ya mashine nikaiona ramani yako. Ni nzuri. Watu walikuwa wameizunguka. Kuna mahali kusini umechora duara jekundu ukaandika kwamba hapa samaki namba saba anashinda kila siku lakini hakuna mwamba, mwenye kujua kuna nini atuambie. Binti, mimi sihitaji kugeuka kuangalia nchi ili nijue tulikuwa tunaelekea upande gani. Nilijua papo hapo. Na kila mvuvi aliyesimama pale alijua, maana samaki yule anapenda kivuli, na kwenye mchanga mtupu kivuli ni bati, na bati lina mwenyewe.

Niliing'oa ramani nikamwambia Prescola ina makosa, umeomba irudishwe. Lakini ilikuwa imekaa ukutani tangu boti ilipokuja. Nani alikwenda kuiba, sikumwona na sitamtaja mtu nisiyemwona.

Usimwambie Hezron. Ana ndugu wachache, na wote wako makaburini isipokuwa wewe. Akinichukia mimi, ataishi. Akikuchukia wewe atakaa ndani ya ile nyumba na ukimya wake mpaka aishe.

Na mimi nina kidonda changu pia, nisijifanye malaika. Nilikuwa nimejiandaa kujibu kama angeniuliza. Hakuniuliza. Alihukumu.

Wako katika Bwana,
G. Cartwright

*

Nassau
11 Septemba

Mzee Granville,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni.

Aliponiandikia kuhusu mabati, nilijua kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nimeanza kumwandikia mara nyingi, na kila karatasi nimeichana. Kumwambia jambo kama hili kwa kalamu ni woga. Anasoma midomo na macho, na macho yangu anayasoma vizuri kuliko mwandiko. Nitakuja Krismasi. Nitamwambia nikiwa nimekaa mbele yake, na wewe uwe unanywa chai pale pale.

Nivumilie mpaka hapo. Nakuomba radhi, na najua neno hilo ni dogo.

Ismae

*

Gaulin Creek
28 Desemba

Ismae,

Nyama ya nguruwe ya Krismasi nimeila peke yangu siku tatu na bado ipo. Uliniandikia kwamba mkuu wako amekuzuia na kazi. Kazi ni kazi. Nilikuwa nimepaka rangi chumba chako, ndiyo maana ninataja.

Huulizi tena habari za vibanda, nami sikusimulii, lakini kwa kuwa nimekaa na kalamu nikuambie. Sishuki tena kwenye maji marefu. Mpira wa hewa unataka mtu juu, na mtu unayempa pumzi yako huwezi kumwokota gatini. Nimejaribu wawili. Wa kwanza alivuta mpira mara mbili kwa sababu alikuwa amechoka kukaa. Wa pili hakuvuta kabisa, nilipanda mwenyewe nikamkuta anakula. Sasa naokota kome kwenye maji ya magotini pamoja na akina mama, na wananitania kwamba nimebakiza kuvaa gauni.

Katika barua yako ya mwisho uliandika "labda si yeye." Usiandike hivyo tena. Kama si yeye, basi mimi nimefanya nini?

Kanisani anakaa upande wa pili siku hizi. Kichwa chake kimekuwa cheupe ghafla.

Hezron

*

Gaulin Creek
6 Januari 2014

Binti Ismae,

Heri ya mwaka mpya. Nimesikia hukuweza kuja. Sikulaumu. Mtu akichelewa kusema, kila siku neno linaongezeka uzito, mimi mwenyewe nayajua hayo.

Mwanangu aliye Florida amenitaka niende nikae naye. Anasema nyumba ina chumba, na kuna wajukuu sijawahi kuwashika. Mashine ya hewa nimeshaiuza. Naondoka na boti ya posta ya Alhamisi tarehe kumi na sita, ikishateremsha mizigo. Sitarudi, nadhani. Mtu wa umri wangu hahami mara mbili.

Nakuandikia ili usije Pasaka ukanitafuta.

Hezron amekonda. Mwambie asishuke peke yake. Mwambie kana kwamba neno ni lako.

G. Cartwright

*

Nassau
14 Januari 2014

Mjomba,

Safari hii anza mwanzo.

Granville hakukuuza. Ni mimi. Ile ramani ya kwa Mama Prescola, nilichora duara jekundu juu ya mchanga ambao uliniambia hauna kitu, nikaandika kwamba mwenye kujua kuna nini pale aseme. Uliposema hakuna kitu nilikuamini, nikalichukua kama fumbo la kisayansi, nikalitundika juu ya friji ya soda mbele ya kila mwenye boti. Granville aliliona akaing'oa ramani, lakini alikuwa amechelewa. Aliniandikia mwezi wa nane akaniomba nisikwambie, usije ukanichukia. Alisimama gatini akashika kofia yake kwa ajili yangu.

Nilisema nitakuja Krismasi nikwambie ana kwa ana. Mkuu wangu hakunizuia. Niliogopa. Nilikata tiketi, nikairudisha.

Mchungaji alirudi pale asubuhi kadhaa baada ya mabati kuondolewa. Ameandikwa na vinasa-sauti vile ulivyonitumia mwezi wa kumi. Alifika, akazunguka pale pale peupe, akaondoka. Akaja tena. Kisha haonekani popote. Nimeutazama mstari wake mara nyingi kuliko kazi inavyodai.

Granville anaondoka na boti hii hii inayokuletea barua, anakwenda Florida moja kwa moja. Ningekuwa na njia nyingine ya kukufikia ningeitumia, lakini simu yako ni pambo, na Mama Prescola siwezi kumpa jambo hili alitangaze dukani. Soma pale pale gatini, Mjomba. Usisubiri kufika nyumbani.

Nichukie mimi.

Ismae

*

Gaulin Creek
19 Januari

Ismae,

Nianze na kazi. Vinasa-sauti vinne nimevitoa, vimo sandukuni. Hivyo vingine viko kwenye maji marefu na sina wa kunishikia mpira, uje na wenzako wavitoe.

Sasa soma vizuri. Nina vibanda vingine upande wa mashariki ambavyo hakuna aliyevigusa. Ukitoka mlangoni mwa kijito, weka mnara wa kanisa juu ya paa la shule, kisha nenda mpaka mivinje miwili ya makaburini ifunikane, ionekane mmoja. Hapo chini kuna mabati yangu, na wewe ndiye wa pili duniani kujua. Sikupi ili uvue. Nakupa ili samaki wako akilala hapo, ujue mahali pasipotakiwa duara. Nilipaswa kukupa haya mwezi wa sita uliponiuliza. Uliniuliza vizuri, tena ukaniambia nikwambie tu kwamba kitu kipo. Nilijua ni bati langu na nilijua Mchungaji amepanga chini yake bila kodi, na nilikaa mezani nikakuandikia uongo mwandiko wangu ukiwa umenyooka. Nilikuona wewe mtu wa serikali. Nilisahau kwamba wewe ndiye niliyekubeba mgongoni.

Kwa hiyo usiseme "nichukie mimi" kana kwamba zamu ni yako peke yako. Sikuchukii. Nimejaribu jana kutwa kukukasirikia nikashindwa, nikaishia kukasirikia jiko. Ila la tiketi uliyoirudisha linaniuma, nakwambia wazi. Mwezi wa kumi na mbili Granville alikuwa bado nyumbani kwake.

Uliomba nisome gatini. Unajua mimi barua nasoma nimeshakula, nimevua viatu. Niliitia mfukoni. Nilikuwa nimekuja kupokea unga, na nilikuwa nimemwona Granville na masanduku yake mawili, nikapanga kumtazama kwa mbali akiondoka, nifurahi. Sikufurahi. Nikatoa barua ili nipate pa kuweka macho.

Nilipomaliza, ngazi ilikuwa imeshavutwa. Niliita jina lake. Watu waligeuka, kwa hiyo nadhani niliita kwa nguvu, lakini injini ile hata mwenye masikio asingesikia kitu. Nikaona amesimama nyuma ya boti amekamata kamba ya kufungia, maana yule hajui kukaa kama abiria. Ncha ya pili ya kamba ilikuwa bado iko gatini, imezungushwa kwenye nguzo. Nilimsukuma kijana wa bandari nikaishika mimi.

Nilivuta mara mbili.

Alitazama kamba. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimeinua barua yako kwa mkono mwingine, na mwandiko wako nadhani aliujua, maana alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyekuwa akitarajia mvua na sasa imenyesha. Niliiangalia midomo yake kwa makini sana, Ismae, sikuipoteza hata kidogo.

Akavuta mara moja.

Basi alinisikia. Nimezungumza naye hivyo miaka mingi, sikosei. Alinisikia vizuri kabisa. Kijana wa bandari akafungua kamba nguzoni, nikaiachia kwa sababu ingenivuta majini, na Granville akaikusanya yote, akaikunja duara vizuri kama anavyoipenda, akaiweka chini. Kisha akageuzia nchi kavu mgongo na kuvuta kofia machoni, akakaa hivyo mpaka boti ikapita mwamba wa nje. Sikumwona akigeuka.

Mjomba wako,
Hezron